Siku Kumi na Tisa za Shikamoo

Gari la Makao lilikuwa limeshafika kabla yake, na hilo ndilo lililomtia Mwantumu Kiondo hasira. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya mashine ya kusaga, jeupe, safi, halina dereva, mlango wa nyuma umeachwa wazi. Ndani kilionekana kitanda kimeshatandikwa shuka. Akina mama waliokuja kusaga mahindi walikuwa wamehamishia ndoo zao ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyekuwa akipiga soga.

"Hilo limekuja kumchukua nani?" mmoja wao aliuliza, macho yakiwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa Mwantumu.

"Halijaja kumchukua mtu, mama. Linasubiri tu."

"Haya. Linamsubiri nani?"

Mwantumu alitazama saa: saba na robo mchana. Hati ya kumhamisha Mzee Sempombe ilisema saa kumi kamili alasiri, na magari yale hayajui kuchelewa.

Sasa, mtu asije akadhani Makao ni jehanamu. Ni jengo la ghorofa tisa, lina lifti, lina daktari usiku na mchana, na wali wake hauna mawe. Miaka yote kabla ya sheria mpya, bima ya afya ya umma ilikuwa inamlipia mzee asiyejiweza mradi tu akubali kwenda huko; ukimtunza nyumbani, shauri yako. Basi wazee wakawa wanabebwa kutoka Korogwe, Handeni na Lushoto, wanalazwa vyumba vya kutazamana na watu wasiojuana, wanakula vizuri, wanaoshwa vizuri, na mwaka haupiti wanazikwa. Ndipo watu wakapiga kelele mpaka ikapatikana Bima ya Nyumbani: mzee abaki kwake, jirani anayemjua afundishwe kazi, alipwe mshahara, aletewe dawa na glavu na kitanda cha kuinuka. Zikachaguliwa wilaya tatu za majaribio. Mwantumu alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele hadi sauti ikakauka, na sasa ndiye aliyekuwa mpimaji wa nyumba mia mbili.

Nyumba ya Mzee Sempombe ilikuwa namba mia moja na nne. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka themanini na moja, dereva wa treni ya mizigo mstaafu, kiharusi kimemlaza upande wa kushoto. Mkeka wa vipimo uliokuwa chini ya godoro lake ulikuwa umetuma habari asubuhi: amepungua kilo sita kwa siku kumi na tisa. Ukijumlisha na alama mbili nyekundu zilizokuwa tayari kwenye faili la mtunzaji wake, hati ikajitoa yenyewe. Kitu kimoja tu kingeweza kuizuia. Mpimaji aende nyumbani, aone kwa macho yake, aweke dole gumba kwenye kibao chake cha skrini na kutamka maneno mawili: nabeba dhamana.

Akapiga hodi.

"Karibu, Bi Mpimaji. Karibu sana. Samahani kwa vumbi."

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mnene, wa miaka hamsini na kitu, kanga kiunoni na nyingine begani. Jina lake Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora. Alizungumza kwa sauti ya chini, taratibu, akiinamisha kichwa, na Mwantumu akashangaa, maana kwenye faili aliandikwa kuwa na mdomo mchafu kupindukia. Juu ya fremu ya mlango wa chumbani kilikuwa kimebanwa kidude cha duara, ukubwa wa kisahani, na taa ndogo ya kijani katikati. Kila nyumba ya Bima ilikuwa nacho. Watu walikiita Sikio.

Mzee alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Shikamoo, mzee wangu," Mwantumu alisema.

Kimya.

"Mzee wangu," Nyamizi naye akasema, polepole, "mgeni amekuja kukuona. Naomba nikuinue kidogo, kama hutajali."

Mzee Sempombe alifumba macho. Juu ya kistuli kulikuwa na bakuli la uji limeota ngozi juu. Mwantumu alivaa glavu, akamgeuza, akamkagua mgongo, makalio, visigino, kwapa. Hakuna kidonda, hakuna alama ya vidole, hakuna jeraha. Kucha zimekatwa. Shuka linanukia sabuni. Mwili wa mtu anayetunzwa, ila mbavu zinahesabika.

"Hajasema neno tangu lini?"

"Wiki mbili na zaidi. Ananyamaza tu. Nikimpa uji anapokea vijiko viwili, anafumba mdomo." Nyamizi alilinyoosha shuka. "Nafanya yote, Bi Mpimaji. Haki ya Mungu nafanya yote kama mlivyotufundisha."

Mwantumu aliitikia kwa kichwa, akatoka nje. Shuka la Bi Mwajabu, mgonjwa wake wa zamani, nalo lilikuwa linanukia sabuni siku ya ukaguzi.

*

Alikaa kwenye benchi ugani, akavaa vifaa vya masikioni, akafungua faili.

Sikio halihifadhi kila kitu. Linasikiliza mchana kutwa, lakini linaweka tu sentensi zenye maneno ya orodha, pamoja na mifano michache ya lugha ya adabu, na sauti ya mgonjwa linaifuta papo hapo, maana sheria ya faragha inakataza maneno ya mgonjwa kuwekwa popote. Kinachobaki ni sauti ya mtunzaji peke yake, vipande vipande, vimeunganishwa bila nafasi. Neno dogo la orodha linawasha njano, yaani onyo. Neno kubwa, nyekundu. Nyekundu ya tatu, gari linasogea mpaka mlangoni na mpimaji ana dakika kumi tu za kubeba dhamana.

Kipande cha kwanza kilimpasua masikio. Ile ndiyo sauti halisi ya Nyamizi, sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya soko: "We Mzigua, unangoja nini kufa? Mimi njaa ya ubwabwa wa matanga yako inaniua!" Nyekundu ya kwanza, siku ileile Sikio lilipofungwa nyumbani humo. Kipande cha pili, keshoye: "Nyamaza, we mzoga! Nitakunyonga na hii shuka, nikutupe mtoni, mamba wakuonje wakutapike!" Nyekundu ya pili.

Halafu onyo lilimfikia Nyamizi kwenye simu, na kuanzia hapo ikawa kijani tupu. Siku kumi na tisa. Mashine ilikuwa imeweka mifano yake kwa fahari: "Shikamoo mzee." "Umeamkaje, mzee wangu?" "Pole sana, mzee wangu." Na chini yake imeandika: Mtunzaji amebadilika. Maendeleo mazuri.

Mwantumu aliweka mstari wa uzito kando ya mstari wa adabu. Siku Nyamizi alipoanza kusema shikamoo, ndiyo siku Mzee Sempombe alipoanza kukataa chakula.

Moyo ukamruka. Mnyamwezi na Mzigua! Jamani, si watani hawa? Huyu bibi alikuwa anamtania mzee wa watu, na Sikio, lisilojua utani wala babu yake utani, limemfunga mdomo. Dole gumba likamwasha. Akakiinua kibao, akakishusha tena, kwa sababu alikumbuka kwamba na ile mara nyingine moyo ulimruka vivyo hivyo.

Miaka miwili nyuma, kabla Sikio halijakuwepo, alimkagua Bi Mwajabu. Mtunzaji wake alikuwa mwanamume mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kumkaribisha mgeni chai. "Huyu bibi nitamchoma moto siku moja," alisema mbele ya Mwantumu, anacheka. "Tumetaniana na ukoo wao tangu enzi." Mwantumu alicheka naye. Halafu akamgeukia bibi akamuuliza, "Ni utani tu, si ndiyo, bibi?" Bi Mwajabu akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Mwantumu akaweka sahihi. Baada ya miezi minne bibi alikutwa mikono yote miwili imeungua hadi viwiko, na haikuwa ajali.

Sasa Bi Mwajabu yuko Makao, ghorofa ya sita. Kila Mwantumu akienda kumtazama, anajifunika shuka uso.

Ndiyo maana, watu walipouliza nani aandike orodha ya maneno ya kufundishia mashine, Mwantumu alisema mimi. Maneno mia tatu na kumi na saba, aliyaandika kwa mkono wake, anafuta machozi. Kufa, kunyonga, kuchoma, mzoga, kuzika. Kipengele cha kumkataza mtunzaji asimweleze mgonjwa habari za maonyo, asije akamtisha ili amtetee, hicho nacho ni chake. Leo alikuwa amekaa ugani pa nyumba namba mia moja na nne, anatazama kazi ya mikono yake.

Simu iliita. Alikuwa Bwana Kilindo, mkuu wake wa kazi.

"Uko kwa yule mzee? Mwantumu, nisikilize. Wiki ijayo wakubwa wanaamua kama Bima ya Nyumbani itanuliwe iende mikoa mingine au ifungwe. Usiniletee Mwajabu wa pili. Mwache mzee apande gari."

"Huko atakufa, bwana."

"Na hapo haonyeshi dalili ya kupona. Akifia Makao hakuna atakayekulaumu."

Ni kweli, hakuna ambaye angemlaumu. Hilo ndilo lililomchoma. Alikata simu. Saa nane na nusu.

*

"Tutembee kidogo," alimwambia Nyamizi.

Walivuka ua, wakapita jiko, wakaenda mpaka kwenye tuta la reli ambako Sikio halifiki. Nyamizi alivunja kijiti, akawa anakimenya.

"Utanifukuza kazi?"

"Niambie yale maneno. Ya mzoga na ya mamba."

Nyamizi alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Yule ni mtani wangu, Bi Mpimaji. Nisimtukane, nimtukane nani?"

"Kila mtu husema hivyo."

"Mimi si kila mtu." Sauti ilianza kupanda, ile ya kwenye faili. "Miaka thelathini na moja tunakaa ukuta kwa ukuta. Mume wangu alipofariki, watu wote ndani wanalia, mimi nimekaa hapo sijui kama niko hai. Huyu Mzigua akaingia. Kavaa kofia ya marehemu. Kavaa na koti lake. Anachechemea vilevile kama marehemu alivyokuwa akichechemea, anapita kwa waombolezaji anawauliza, nani kati yenu ana deni langu? Halafu akajilaza mlangoni, akasema maiti haipiti mpaka apewe jogoo. Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka, Bi Mpimaji. Siku tatu nilikuwa sijafungua mdomo hata kumeza maji. Nikacheka, ndipo nikaweza kulia." Alijifuta pua kwa kanga. "Sasa mmenipa simu inayoniambia kwamba nikimwita Mzigua mzoga, mtamchukua. Ningefanyaje? Nikaanza kumwamkia. Shikamoo, shikamoo, kama nimeenda kuomba kazi! Na yeye akageukia ukuta."

Mwantumu alihisi machozi yamemlenga, akajikaza. Mtunzaji wa Bi Mwajabu naye alikuwa na hadithi tamu.

"Mbona usimweleze ukweli?"

"Mmekataza! Imeandikwa kwenye mkataba, nikimweleza ni kosa. Si ndivyo?"

"Ndivyo," Mwantumu alisema. Hakusema ni nani aliyekiandika.

Alisimama akitazama reli. Kwenda kumuuliza mzee, "Ni utani tu, si ndiyo?" kungekuwa rahisi mno. Mzee angejibu ndiyo. Angejibu ndiyo kama ni utani, na angejibu ndiyo kama anaogopa. Kosa lake kwa Bi Mwajabu halikuwa kucheka. Lilikuwa kumwekea bibi jibu mdomoni. Matusi aliyasikia, lakini hakungoja kusikia kama bibi anarudisha, na mtani asiyerudisha si mtani, ni mtu anayepigwa.

"Nyamizi," alisema, "rudi ndani umtukane."

"Nini?"

"Mtukane kama zamani. Mimi nitakaa kimya, sitamuuliza kitu wala kumweleza. Nataka kumsikia yeye."

"Hiyo itakuwa nyekundu ya tatu! Gari litakuja mlangoni!"

"Litakuja. Nitakuwa na dakika kumi. Akikujibu kwa hiari yake, nabeba dhamana."

"Na asipojibu?"

"Anaondoka leo. Na wewe hutatunza mtu tena."

"Unanitega."

"Ndiyo, nakutega. Sina njia nyingine ya kujua."

Nyamizi alikitupa kile kijiti. Alikuwa mwanamke mzima anayeogopa kama mtoto wa shule. "Mzee hajasema neno siku zote hizo," alisema kwa sauti ndogo. "Labda hata hawezi tena." Halafu akaanza kutembea kurudi nyumbani, na Mwantumu akamfuata nyuma.

*

Chumbani hakuna kilichobadilika: ukuta, mgongo wa mzee, uji. Mwantumu alisimama pembeni, kibao mkononi. Nyamizi alishika kiuno. Alilitazama Sikio.

"We Mzigua," akaanza. Sauti ilimtoka nyembamba. Akakohoa, akaanza upya, na safari hii kuta zilisikia. "We Mzigua! Mpaka leo hujafa tu? Mchimba kaburi nimeshampa kazi, nimemwambia achimbe fupi, maana huna urefu wa maana!"

Taa ikageuka nyekundu. Sauti ya kike yenye adabu ikatoka ukutani: "Lugha ya kudhalilisha imetambuliwa. Mara ya tatu. Dakika kumi."

Nje, injini iliwaka.

Mzee Sempombe hakutikisika.

"Nakuzika bila sanda! Gunia la mkaa linakutosha!"

Kimya. Matairi yalisikika yakikanyaga kokoto za uani, yakasimama. Kitu kikajivuta kwa mlio mwembamba. Ni kile kitanda, kinajitokeza chenyewe. "Dakika saba," sauti ikasema.

"Mzigua! Nasema na wewe!" Nyamizi alizunguka kitanda akasimama upande wa ukutani, mbele ya uso wake. "Treni yako ilikuwa inachelewa, mizigo inaoza stesheni, na kufa nako unachelewa vilevile? Una faida gani wewe?"

Mzee alifumbua macho. Alimtazama Nyamizi kwa muda mrefu, na Mwantumu hakuweza kuusoma ule uso. Hofu? Kiharusi kilikuwa kimeuvuta mdomo wake upande mmoja. Macho yale yangeweza kuwa ya mtu anayetukanwa na mtu anayemtegemea kwa kila tonge. Swali lilimjaa Mwantumu kinywani. Ni utani, mzee? Sema tu ndiyo, mzee. Aliuma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu.

"Dakika tano."

Nyamizi alikuwa ameanza kulia, na bado anatukana, matusi na kwikwi vinakuja pamoja. "Nitakula ubwabwa wako... nitakula na ukoko... we mzoga... sema kitu, mzee... sema..." Akaketi ukingoni mwa kitanda na kujifunika uso kwa kanga.

"Dakika tatu."

Mwantumu alishusha kibao. Basi. Alikuwa ametaka kujua, na sasa alikuwa anajua: mzee hajibu. Alianza kupanga kichwani maneno ya kumwambia Nyamizi, na hakuna hata moja lililofaa.

Mkono wa kulia wa mzee ulitambaa juu ya shuka. Ulikwenda taratibu, ukafika kwenye pindo la kanga ya Nyamizi, ukalishika, ukavuta. Kanga ikamtoka usoni.

"Babu yako," Mzee Sempombe alisema.

Sauti ilikuwa imekauka na maneno yanaburuzika, lakini yalisikika.

"Babu yako alibeba pembe ya ndovu kichwani. Tabora mpaka pwani. Miezi mitatu. Kwa miguu." Akapumua. "Mimi njia hiyohiyo nimepita nimekaa kitini. Natafuna karanga. Sasa mjinga nani hapo, we mpagazi?"

Nyamizi alitoa sauti isiyo kilio wala kicheko.

"Na kanga yako naichukua," mzee aliongeza, akiikunja kifuani kwa mkono wake mmoja. "Fidia ya kunipigia kelele."

"Ichukue! Ichukue, mwizi mkubwa we!"

"Kwa hiyo daktari amesemaje?"

"Daktari gani?"

"Aliyekwambia kwamba nakufa." Mzee alimkazia macho, na sasa Mwantumu aliona wazi kwamba yana hasira, hasira ya mtu aliyesubiri siku nyingi kuelezwa. "Miaka thelathini na moja hujawahi kuniamkia. Siku moja naamka nasikia shikamoo. Shikamoo! Na 'mzee wangu' juu yake. Nikasema basi, kaambiwa. Mambo yamekwisha, mpaka Mnyamwezi amenionea huruma. Sasa uji nile wa kumpeleka nani?"

"Dakika moja," ukuta ukasema.

Mwantumu alikuwa amesahau kibao. Alikiinua, akabandika dole gumba.

"Nabeba dhamana," alisema. "Mimi, Mwantumu Kiondo."

Halafu nje kitanda kikajivuta kurudi ndani ya gari, mlango ukafungwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na taa ya Sikio ikawa kijani. "Dhamana imepokelewa kwa siku tisini," sauti ilisema. "Madhara yoyote kwa mgonjwa yatahesabiwa kwa mpimaji. Sauti ya mgonjwa haikuhifadhiwa."

Haikuhifadhiwa. Katika dunia nzima hakuna ofisi itakayowahi kuyasikia maneno yale ya mzee, na kama kesho kutatokea jambo, Mwantumu hatakuwa na ushahidi wowote ila masikio yake mwenyewe, ambayo yalishawahi kumdanganya.

"Na huyu nani?" Mzee Sempombe aliuliza, akimwonyesha kwa kidevu.

"Mpimaji, mzee. Shikamoo."

"Unaona?" mzee alimwambia Nyamizi. "Huyo ndiye wa kuniamkia. Marahaba, mwanangu. Wewe leta uji. Huo wa baridi mpe mbuzi."

*

Masharti ya dhamana ni haya: kwa siku tisini kila nyekundu ya nyumba ile italia kwenye simu ya mpimaji, ikimletea sauti ya mtunzaji moja kwa moja, na kila mara ana dakika kumi za kuamua, popote alipo. Maneno ya orodha hayatafutwa. Hilo linahitaji kikao, na kikao kinahitaji wakubwa. Mwantumu alikuwa amekubali bila kusoma mara mbili.

Saa kumi na nusu alikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni ya Korogwe, kikombe ndiyo kwanza kimewekwa mezani, simu ikalia mlio ambao hakuwahi kuusikia. Nyekundu. Namba mia moja na nne. Akaiweka sikioni haraka.

"Kula, we mzoga!" Nyamizi alikuwa anafoka. "Ukikitema tena kijiko hicho, nakuzika leo leo kabla jua halijazama!"

Baada ya hapo, kimya.

Mwantumu aliibana simu. Alijua kwamba sauti ya mzee inafutwa. Alijua pia kwamba mtu aliyefutwa na mtu aliyenyamaza kwa hofu, kwenye simu, hawana tofauti hata kidogo. Sekunde tano. Sekunde nane. Muuza chai alimuuliza kama anataka andazi, hakumsikia. Mikono ya Bi Mwajabu ilimjia mbele ya macho. Kimya kile kilikuwa kirefu, kirefu kuliko tusi lenyewe, na akaanza kuinuka kwenye benchi kutafuta bodaboda ya kumrudisha.

Halafu Nyamizi akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyezidiwa, kinakatika, kinaanza tena. "Mungu wangu! Ee Mungu wangu, huyu mzee! Mama yangu amekukosea nini sasa?"

Mwantumu aliketi. Alicheka peke yake mpaka muuza chai akamtazama vibaya, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kwenye skrini fomu ilikuwa inasubiri, dakika sita zimebaki. *Taja aliyetoa lugha ya kudhalilisha.* Kulikuwa na jibu moja tu la kuchagua: Mtunzaji. Alilipita, akashuka mpaka kwenye nafasi ya maelezo, akaandika:

*Wote wawili. Mzee anaongoza.*

Kisha akaweka dole gumba.